Mashapo ya kemikali si mashapo ya kahawa

Anayekunywa kahawa chungu barazani Mji Mkongwe huacha funda la mwisho, kwa sababu chini ya kikombe pana mashapo. Neno hilohilo tunalitumia katika kemia, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Unga wa kahawa haukuyeyuka: ulikuwa unga tangu kinuni, ukaelea, kisha ukatuama. Kitambaa kingeweza kuuchuja. Mashapo ya kemikali hayakuwepo kabla, yanazaliwa ndani ya maji maangavu ambayo kitambaa chako kisingeambulia kitu.

Jaribio lake hufanywa skuli. Chukua chokaa, ile inayopatikana mawe ya matumbawe yakichomwa tanuuni kisha yakamwagiwa maji. Ikoroge kidogo kwenye gilasi ya maji, iache itulie, umimine pembeni maji safi ya juu. Yapulizie kwa mrija taratibu, bila kuyavuta mdomoni maana yanaunguza. Muda si muda yanageuka meupe kama tui. Pumzi yako ina kaboni dayoksaidi, nayo imeungana na kalsiamu iliyoyeyuka na kufanya kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lilelile lililoingia tanuuni. Vitu viwili vilivyoyeyuka vimekutana vikawa kimoja kisichoyeyuka. Dhana yenyewe ndiyo hiyo.

Ukiendelea kupuliza, weupe unatoweka tena. Mvua nayo hulila jiwe letu namna hiyo, ndiyo maana tuna mapango kama la Mangapwani, na maji ya visima vingi vya Unguja ni magumu. Ukiyachemsha, hewa ile inatoka na jiwe linarudi: ule ukoko mweupe ndani ya birika. Mwaka 1841 mkemia wa Scotland, Thomas Clark, alipata hataza ya kulainisha maji ya namna hiyo kwa kuyatia chokaa. Ni chokaa inayoondoa chokaa, kwani inaikamata hewa iliyokuwa ikilishikilia jiwe katika hali ya kuyeyuka.

Kwenye metali jambo hili lina uzito zaidi. Maji yanayotoka mgodini au kwenye karakana ya kupaka vyuma tabaka la metali yanaweza kung'aa kama ya chemchemi, kumbe yamebeba risasi, shaba au zinki. Mchanga wa kuchujia hauzioni. Ukitia chokaa, kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi (kadiri kinavyopanda ndivyo asidi inavyopungua), kinapanda, metali inashikana na haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoungana, na kushuka kama mabonge laini. Kila metali ina mahali pake: chuma chenye kutu hushuka kabla pH haijafika 4, shaba karibu na 8, zinki 9 na zaidi kidogo. Kwa hiyo inawezekana kuzishusha moja baada ya nyingine. Lakini zinki, na kromu pia, ukizidisha chokaa au soda kali huyeyuka upya. Anayemwaga bila kupima anaweza kuiachia sumu aliyokwisha kuikamata, na hili ndilo kosa ninalotamani kila anayeshughulika na maji alijue. Njia ya salfaidi, yaani ya kutumia salfa badala ya chokaa, huikamata metali kwa nguvu zaidi kuliko haidroksidi, ila maji yakiwa na asidi hutoa hewa yenye harufu ya mayai viza, nayo inaua.

Kisha linabaki tope. Metali haijaangamia, imehama tu. Katika ardhi yetu ya matumbawe, yenye vitundu vinavyopitisha maji haraka hadi kwenye hifadhi ya maji ya chini ya ardhi tunayochimbia visima, tope hilo halifai kutupwa shimoni. Kwa maoni yangu utafiti wenye faida kubwa ni ule unaolichukua tope kama mawe ya madini na kurudisha metali kazini.

Kushusha metali ili kuipata si jambo geni. Tangu mwaka 1941, huko Freeport, Texas, Marekani, walichota maji ya bahari, ambayo kila lita ina karibu gramu 1.3 za magnesiamu, wakayatia chokaa ya magamba ya chaza yaliyochomwa. Magnesiamu ikashuka ikiwa haidroksidi, ikatiwa asidi, kisha umeme ukaitoa metali yenyewe. Mtu wa pwani anavijua vitu vyote viwili vilivyoanzisha kazi ile: bahari, na chokaa ya magamba.

Je, chokaa hiyohiyo inaweza kuondoa chumvi kwenye kisima cha karibu na ufuo kilichoingiwa na bahari? Haiwezi. Chumvi ni sodiamu na kloraidi. Sodiamu hubaki imeyeyuka hata ikikutana na karibu kila kitu. Kloraidi hushuka ikikutana na fedha, fedha hii ya vikuku na pete, na hakuna atakayeyeyusha vikuku ili atibu kisima. Hapo panahitajika mtambo wa utando unaosukuma maji na kuizuia chumvi, au pampu ipunguzwe kasi kabla bahari haijaingia zaidi.