"Eneo wazi" kwenye ramani ya kijiji

Mwaka juzi nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji kimoja upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kule ambako migomba imekwisha na migunga imeanza. Tulikuwa tunapitia rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Mpimaji, kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake, alikuwa amebandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa darasa: makazi rangi ya chungwa, mashamba kijani, msitu kijani kilichokolea. Sehemu kubwa ya juu ilibaki nyeupe, na katikati yake aliandika "eneo wazi". Mzee mmoja aliyekaa dawati la nyuma akanyanyua fimbo, akapewa nafasi. Aliuliza swali moja: "Wazi kwa nani, mwanangu?"

Kijana akaeleza kwamba maana yake pale hakuna nyumba wala shamba. Mzee hakubishana naye. Akaanza kutaja: alalili ya kiangazi, yaani malisho ya akiba, ambayo ng'ombe hawaingii mpaka wazee waifungue, njia ya mifugo kwenda majini, mahali pa magadi, ronjo, kambi za muda za vijana za miezi ya ukame. Kila mahali alipataja kwa jina lake na kusema ni watu wa boma gani wanapatumia na lini. Mtendaji wa kijiji aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

Mimi ni wakili wa hapa Arusha, na kazi yangu kwa miaka mingi ni ardhi za vijiji. Vijana wengi ninaokutana nao wanaujua ukoloni kama somo la sekondari: Mkutano wa Berlin, vita vya Maji Maji, mtihani, basi. Mimi ninakutana nao kila wiki kwenye makaratasi. Neno lile aliloandika kijana hakulitunga yeye. Lina zaidi ya miaka 120 katika nchi hii, na ningependa kuonyesha lilikopita.

Lilianzia Novemba 1895, Wajerumani walipotoa amri ya kifalme kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji. Mtu, chifu au jamii iliyokuwa na haki ilitakiwa ionyeshe. Ionyeshe kwa kitu gani? Mzungu alionyesha karatasi. Mwafrika alitakiwa aonekane pale, yupo, analima. Hapo ndipo penye mtego. Wameru, kama majirani zao Wachagga, waliweka mipaka ya vihamba, mashamba yao ya ukoo, kwa mimea ya masale. Sale ni mpaka na ni ahadi. Hata msamaha huombwa kwa jani lake, na anayeling'oa usiku anajua alichofanya. Lakini masale yalikuwa ya mlimani, kwenye migomba na kahawa. Chini, kwenye malisho na mahali pa magadi, hapakuwa na haja ya kupanda kitu, kwa kuwa kila mtu alijua nani analisha wapi na wakati gani. Kwa hiyo macho ya afisa wa Kijerumani yaliona migomba yakaiita mali, yakaona nyasi yakaziita ardhi tupu.

Yaliyofuata yanaonekana hadi leo ukipita barabara ya kutoka Tengeru kwenda Usa River. Mashamba ya walowezi, wakiwemo Makaburu walioletwa kutoka Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1904 na 1905, yaliuzunguka mlima kwa chini kama pete. Wameru wakabaki juu, wamebanwa kati ya mashamba na msitu, huku malisho yao yakiwa upande wa pili wa uzio wa mtu.

Waingereza walipoipokea Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walitunga Sheria ya Ardhi ya 1923. Ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Mwaka 1928 ikarekebishwa ili itambue pia watu wanaokaa kwenye ardhi kwa mila zao. Hapa naomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu sheria ilizaa haki za aina mbili. Moja ni haki iliyotolewa: una hati, ina namba, ina miaka, ina muhuri. Ya pili ni haki inayodhaniwa: unakaa pale kwa mila, na serikali inakuchukulia kama mtu aliyepewa. Mmoja amepewa, mwingine anadhaniwa. Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza vizuri kuliko wengi jinsi dola ya kikoloni ilivyogawa watu makundi mawili: raia wenye sheria za maandishi, na watawaliwa walioachiwa mila chini ya chifu aliyethibitishwa na bomani. Kwenye ardhi, mgawanyo huo uliandikwa kwa vitenzi hivyo viwili.

Bei ya kudhaniwa ilijulikana Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia serikali ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kupanga upya ardhi za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilipendekeza kutenganisha: mashamba ya Wazungu yawe kitalu kimoja kisichokatwa, katika uwanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro, kwa ajili ya ufugaji wa kisasa. Wameru waliokuwa Ngare Nanyuki walikuwa katikati ya kitalu hicho. Sehemu ya ardhi ile walikuwa wameinunua kwa fedha zao, kwenye mashamba yaliyonyang'anywa Wajerumani baada ya vita ya kwanza. Hata kununua hakukuwasaidia. Tarehe 17 Novemba 1951 kuhamisha kulianza, na kwa jumla watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Mahali walipopangiwa ni King'ori, chini, kwenye joto na maradhi ya ng'ombe, na wengi walikataa kwenda.

Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ardhi ile haikutumika ipasavyo, na kwamba ng'ombe wa maziwa wa mlowezi wangeipa faida zaidi. Ni neno lile lile la 1895, limevaa koti la maendeleo.

Wameru hawakwenda vitani. Walichanga fedha, wakaunda umoja wao, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet, wakisaidiwa na Earle Seaton, wakili kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 shauri lao lilisikilizwa Umoja wa Mataifa, New York, kwanza kwenye Baraza la Udhamini, kisha kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako Kirilo alisimama na kusema mwenyewe. Kamati ilikubali ardhi irudishwe. Kwenye Baraza Kuu azimio halikufikia theluthi mbili ya kura, likaanguka.

Mambo mawili hapa huwa hayasemwi vya kutosha. La kwanza, mlango ule ulikuwepo kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, iliyotawaliwa na Uingereza chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliwaruhusu watu wa nchi hizo kupeleka malalamiko. Kenya ilikuwa koloni, kwa hiyo Wakikuyu walionyang'anywa ardhi upande wa pili wa mpaka hawakuwa na mlango huo. La pili, Makubaliano ya Udhamini ya 1946 yalikuwa tayari yanaitaka Uingereza iheshimu haki za ardhi za wenyeji. Waingereza hawakuvunja maneno yake waziwazi. Yaliruhusu ardhi ya mwenyeji kuhamishwa kwa idhini ya mamlaka husika, na mamlaka husika ni wao. Ulinzi ulioandikwa na mtu yule yule unayelindwa dhidi yake ni jambo ninalolikuta hadi leo kwenye mikataba ya vijiji na wawekezaji, na kila mara linanikumbusha King'ori.

Uhuru ulipokuja, milki kamili za mashamba, zile za kumiliki ardhi moja kwa moja bila kikomo cha miaka, zilifutwa mwaka 1963, na hilo lilikuwa jema. Lakini mfumo wa 1923 ulibaki. Tume ya Profesa Issa Shivji, iliyozunguka nchi nzima kusikiliza wananchi kuanzia 1991, ilipendekeza milki ya juu ya ardhi, yaani mamlaka ya mwisho juu yake, itoke mikononi mwa serikali kuu, ya vijiji iwe kwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Penye Gavana sasa ni Rais, na mdhamini wetu tunamchagua. Tofauti hiyo siidharau. Lakini kanuni ni ile ile.

Sasa turudi kwenye neno letu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 1999, inafafanua ardhi ya jumla kuwa ni ardhi ya umma ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji. Vizuri. Sheria Na. 4 inafafanua hivyo hivyo, kisha inaongeza kipande: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kwa maneno hayo machache, ardhi ya kijiji chako inaweza kugeuka kuwa ya jumla, ya kugawiwa na Kamishna wa Ardhi, kwa kuwa mtu fulani ameitazama akaona haitumiki. Na Sheria Na. 4 inatamka kwamba sheria nyingine ya ardhi ikipingana nayo, yenyewe ndiyo inayoshinda. Kipande kile kingefutwa kwa marekebisho ya sentensi moja, na miaka inapita.

Mahakama nayo imesaidia kwa sehemu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa Karatu, iliamua kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Uamuzi wa Jaji Mkuu Nyalali naupenda na nautumia mara kwa mara. Hata hivyo umejengwa juu ya jasho: anayestahili fidia ni yule aliyeweka juhudi kwenye ardhi. Juhudi ya mkulima inaonekana. Ya mfugaji aliyewazuia ng'ombe wake wenye njaa wasiingie alalili mwezi wa nane, ili majani yafike wa kumi, nani anaipima? Kuyaacha majani yapumzike ni kazi, na ni kazi ngumu, uliza mama yeyote aliyekosa maziwa mwezi wa nane.

Yaliyotokea Serengeti mwaka 1959, Wamaasai walipoondolewa, na yanayoendelea Ngorongoro na Loliondo, yana mzizi huu huu, lakini yanastahili andiko lake.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 ilitoa hukumu kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza msitu wa Mau, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Hukumu hiyo ilisomwa si mbali na Akeri, kwa Wameru. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na mashirika yasiyo ya kiserikali kwenda moja kwa moja mahakamani hapo, na kuanzia Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwetu. Kirilo alivuka bahari kwenda kusema. Mjukuu wake angeweza kupanda daladala, na angeishia getini.

Kwa hiyo ninaposhauri kijiji, naanza na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambacho watu wachache wanakisoma mpaka mwisho. Kinahesabu kuwa ardhi ya kijiji ile iliyotumiwa na wanakijiji miaka kumi na miwili kabla ya sheria, na kinataja ardhi iliyoachwa ipumzike, ardhi ya malisho, na hata njia za kwenda malishoni. Yule aliyeandika maneno hayo alijua alichokuwa anakizuia. Nawaambia: andikeni matumizi, andikeni majina, andikeni miezi. Muhtasari usomwe mkutanoni na kupitishwa, nakala ibaki kijijini. Msiache sehemu nyeupe kwenye ramani.

Siku ile tulikaa darasani mpaka jua likaelekea Longido. Kijana wa upimaji alichukua kifutio mwenyewe, akafuta "eneo wazi", akamwomba mzee arudie polepole. Alipokosea herufi kwenye jina la kwanza, mama mmoja aliyekuwa dirishani alimsahihisha, na tangu hapo watu wakawa wanasahihisha kwa zamu. Ramani ile sasa ina majina kumi na manne upande wa kaskazini, kila moja na miezi yake. Iko wilayani, inasubiri muhuri.