Bahari inapanda, mbona Tanga walichimba bandari?

Swali lilitoka kwa kijana wa kidato cha pili, barazani, kahawa ikimiminwa. "Babu, wanasema bahari inapanda. Sasa zile hela za kuchimba bandari zilikuwa za nini? Si wangengoja tu maji yaje yenyewe?"

Mzee aliyeulizwa alikuwa kuli enzi za matishari, vile vyombo bapa vya kubebea mzigo. Alicheka mpaka kashata ikamponyoka. Lakini swali lenyewe si la kipuuzi hata kidogo, na kulijibu kunahitaji hesabu kidogo.

Kwa asiyeijua Tanga: kwa miongo mingi meli kubwa hazikufika gatini. Kina cha pale kilikuwa kama mita 3 tu, kwa hiyo meli zilitia nanga mbali, zaidi ya kilomita moja. Mzigo ulishushwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi gatini, kisha mzigo uleule ukapakuliwa tena. Kazi moja, jasho mara mbili. Ndipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ikachimba kina kufikia mita 13 na kujenga gati mbili zenye urefu wa jumla wa mita 450, kwa Shilingi bilioni 429.1.

Sasa hesabu. Kwa mujibu wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, kati ya 2006 na 2018 bahari za dunia zilipanda wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Tanga ilihitaji mita 10 za ziada. Gawanya, utapata miaka 2,700 hivi. Meli ya klinka, malighafi ya saruji, haingoji hivyo.

Kijana akadaka palepale: "Basi kama ni vimilimita, tunaogopa nini?"

Hapo ndipo penye utamu. Gati halijengwi kwa ajili ya siku ya kawaida. Linajengwa kwa ajili ya saa moja mbaya kuliko zote. Wavuvi wa huku wanajua kwamba maji mafu hayana vishindo, ila bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa na kupwa kwa tofauti inayopita mita 3. Na mabamvua makubwa kabisa huja kuzunguka mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Juu ya bamvua hilo weka upepo unaosukuma maji pwani, juu ya upepo weka wimbi. Kimo cha sakafu ya gati hupimwa kutoka hapo. Kila sentimita ambayo bahari imepanda inakaa chini ya mzigo wote huo na kuunyanyua.

Chukua ndoo ya maji kichwani. Ukiacha nafasi ya vidole vinne juu, unafika nyumbani bila tone kumwagika. Ukiacha kidole kimoja, kila hatua bega linaloa. Ulichoongeza ni vidole vitatu tu, lakini safari si ileile. Ndiyo maana IPCC inasema kimo cha maji ambacho zamani kilifikiwa mara moja katika miaka 100, kufikia 2100 kitafikiwa walau kila mwaka katika zaidi ya nusu ya vituo vya kupimia bahari duniani.

Mimi nikiulizwa bandari itaumia wapi kwanza, sitataja gati. Nitataja mtaro.

Bandari ni uwanja mpana wa zege. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kunywea, lazima yatoke kwa mitaro kuingia baharini. Bahari ikishapanda juu ya mdomo wa mtaro, maji ya mvua yanakosa njia, na ya chumvi yanaingia kinyumenyume. Sasa tazama kalenda yetu: bamvua kubwa la Machi linakutana na masika yanayoanza. Na pwani hii bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua ya saa moja tu ikiangukia hapo, makontena ya chini yanasimama majini.

Dawa yake ya kwanza ni rahisi ajabu: kifuniko chenye bawaba kwenye mdomo wa mtaro. Maji ya ndani yakisukuma, kinafunguka. Bahari ikisukuma, kinajifunga. Tatizo ni kwamba chupa moja ya plastiki ikikwama kwenye bawaba, kifuniko kimekwisha kazi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukisafisha kila mara. Na kikiwa kimefungwa, maji ya ndani yanahitaji pa kungojea: bwawa, au pampu. Vibanda vya umeme navyo hupandishwa juu ya majukwaa ya zege, maana swichi iliyoonja maji ya chumvi hata ikikauka si ya kuaminiwa.

Kisha kuna tope. Mito ya Sigi na Mkulumuzi inamwaga ghubani humuhumu. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa, na udongo wa mashamba ya milimani unateremka nazo. Ukifika kwenye maji yaliyotulia, unazama, na shimo lililochimbwa ndilo kitanda chake kizuri. Tope halina habari za waja leo waondoka leo. Anayebisha aende Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo. Palikuwa na bandari pale. Leo ukisimama kwenye magofu ya msikiti, kati yako na bahari kuna tope na mikoko. Hayakuwa mabadiliko ya tabianchi yaliyoiua Kaole, lakini tope ni lilelile. Kwa hiyo miti inayoshika mteremko wa Usambara nayo, ukipenda, ni sehemu ya bandari.

Gumu kwa mhandisi ni kutojua kiasi. Makadirio ya IPCC ya mwaka 2100 yanaanzia sentimita 28, dunia ikipunguza hewa chafu haraka, hadi takriban mita 1 ikiendelea kuzimwaga kwa wingi. Ukijengea mita nzima leo, unazika fedha, na gati refu mno linasumbua: vyombo vidogo havifikii, reli na barabara lazima zipande nalo. Ukijengea 28, unaweza kuja kujuta. Njia ya katikati kila Mtanzania anaijua. Umeona nyumba ya chini yenye nondo zinazochungulia juu ya paa? Mwenyewe hana fedha za ghorofa, lakini msingi wake unalibeba. Gati nalo hupewa nguzo zenye nguvu za ziada leo, ili sakafu na ukuta viongezwe baadaye bila kubomoa.

Mzee alisikiliza yote hayo akizungusha kikombe. "Sisi bamvua tulilipenda," akasema. "Maji yakijaa, tishari linakaa sawa na gati, robota la mkonge unalivuta tu. Maji yakipwa, liko chini huko, mgongo unakoma."

"Na mvua ikinyesha, babu?"

"Tulikuwa na ghala. Lakini robota la chini ndilo likiloa kwanza."

"Mvua si inatoka juu?"

"Maji ya mtaro, mjukuu wangu. Yalikuwa yanarudi."