Je, wajua? Maneno ya kibao cha gavana hayachongwi

Katika miji midogo ya Texas, Marekani, nje ya mahakama ya kaunti au kando ya barabara, husimama kibao cha alumini kinachosimulia habari za mtu maarufu wa hapo. Si ajabu kukuta mtu huyo aliwahi kuwa gavana. Wengi wanaokisoma huamini kwamba maneno yale yamechongwa kwenye bamba, na kwamba serikali ya jimbo ndiyo iliyoamua kumuenzi kiongozi wake na kulipia gharama. Mara nyingi yote mawili si kweli.

Tuanze na nani hulipa. Rusk, mji mdogo wa mashariki mwa Texas, una sifa ya pekee: magavana wawili wa kwanza waliozaliwa Texas yenyewe walitoka huko. James Stephen Hogg, aliyetawala 1891 hadi 1895, alizaliwa karibu na mji huo mwaka 1851. Thomas Mitchell Campbell, aliyetawala 1907 hadi 1911, alizaliwa hapo mwaka 1856. Mwaka 1936, Texas ilipoadhimisha miaka 100 ya kujitenga na Meksiko, jimbo lilisimamisha kwa fedha za umma nguzo nyingi za graniti kuwakumbuka watu na mahali pa aina hii. Pengine ndiyo maana dhana ya "serikali imeweka" imedumu. Lakini vibao vya alumini, vilivyoanza kuenea mwaka 1962 na sasa ni zaidi ya 16,000, huanza kwa wananchi. Mtu au kikundi huandika historia yenye vyanzo vyake, hupata ridhaa ya mwenye ardhi, hupeleka ombi kwa kamati ya historia ya kaunti, kisha likapitiwa na Tume ya Historia ya Texas, chombo cha serikali ya jimbo. Gharama ya kibao kwa kawaida ni ya waombaji. Upo pia mfuko mdogo unaolipia historia zilizosahaulika, kwa hiyo si sahihi kusema jimbo halitoi kitu kabisa.

Tena kwa kawaida gavana aliye hai hapewi. Kanuni ya Texas inataka mtu awe amefariki miaka 10 au zaidi. Ann Richards, gavana wa 1991 hadi 1995, alifariki Septemba 2006; kwa kanuni hiyo, mlango kwake ulifunguka Septemba 2016. Subira hiyo inaeleweka zaidi ukijua kibao kinavyotengenezwa.

Kibao husubiwa, yaani humiminwa kwa alumini iliyoyeyushwa. Maneno na bamba ni kipande kimoja cha alumini. Fundi huanza na kielelezo, yaani bamba la mfano lenye ukubwa wa kibao, na juu yake hupanga herufi moja moja zikiwa zimeinuka. Hazipangwi kinyumenyume kama za mtambo wa kuchapia, maana ni mchanga utakaozigeuza. Kielelezo hufunikwa kwa mchanga maalumu ndani ya fremu, mchanga ukashindiliwa hadi ukakaza, kisha kikainuliwa. Ni kama mtoto wa pwani anayekandamiza kifuu kwenye mchanga mbichi na kukitoa: umbo hubaki shimoni. Alumini iliyoyeyuka hujaza shimo hilo, na kila tundu la herufi likawa herufi iliyoinuka.

Kazi hii ina mitego yake. Ubavu wa kila herufi lazima ulale kidogo. Ukisimama wima, kielelezo kikitolewa hung'oa mchanga na herufi hutoka imevimba. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini humiminwa ikiwa na joto zaidi ya hapo. Ikipoa mapema, ncha za herufi nyembamba hazijai. Mchanga ukiwa na maji mengi, mvuke huacha vitundu usoni mwa bamba. Na alumini ikipoa husinyaa, takriban asilimia 1.3 kwa urefu. Kibao kikubwa cha Texas kina sentimita 107 kwa 69, hivyo kielelezo chake lazima kizidi kwa zaidi ya sentimita moja upande mrefu.

Baada ya hapo bamba husafishwa na kupakwa rangi, kisha vichwa vya herufi husuguliwa hadi alumini ing'ae, au hupakwa rangi nyingine kwa rola.

Sasa fikiria mwaka wa kuzaliwa umekosewa. Huwezi kufuta 1851 uandike mwingine. Tarakimu ni sehemu ya bamba. Hubaki kusubu upya kibao kizima, au kufunga bamba dogo la nyongeza. Ndiyo sababu uhakiki wote hutangulia tanuri: huko Texas, wataalamu wa Tume ndio huandika matini, waombaji huisoma na kuthibitisha majina na tarehe, na kosa linalopita hapo huganda pamoja na alumini.

Rangi ndiyo huchakaa kwanza, na hiyo hurekebishika. Osha bamba kwa maji na sabuni laini, usitumie brashi ya waya kwa sababu hukwaruza alumini. Paka kwanza rangi ya usuli, yaani ya sehemu iliyo nyuma ya maneno, hata ikifunika herufi. Ikikauka, funga msasa laini kwenye kipande bapa cha ubao na usugue juujuu: ubao utagusa vichwa vya herufi tu, na maneno yatajitokeza tena. Malizia kwa vanishi isiyo na rangi, ya kukinga jua na mvua.