Pumzi, matembezi na "mawazo": maswali ninayoulizwa kliniki kila wiki

Mtu akisema "nina mawazo", ni ugonjwa?

Si lazima. Ada, kodi ya nyumba na ugomvi wa ndoa humnyima yeyote usingizi, na mambo yakitengemaa hali hutulia. Sonona ni kitu kingine: huzuni, au kutoona ladha ya chochote, karibu kutwa nzima kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi na hamu ya kula kuvurugika na mwili kuchoka bila kazi. Ni ugonjwa kama kisukari. Neno "anadeka" naomba tuliache, jamani.

Kupumua kunatibu nini? Si tunapumua siku zote?

Mwenye hofu hupumua mbiombio. Hivyo hutoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Vidole vinakufa ganzi, kizunguzungu kinamshika, naye anaamini anakufa. Akae, aweke mkono tumboni, avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, kisha aitoe polepole akihesabu hadi 6. Moyo hupunguza kasi tunapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta. Dakika 5 zinatosha.

Ule mfuko mnaomfunika mtu mdomoni, acheni! Kama ana pumu au tatizo la moyo, mnaweza kumuua. Na maumivu ya kifua yanayokuja mara ya kwanza yapimwe hospitalini kabla hamjayaita wasiwasi.

Kutuliza akili, yaani kuiweka kwenye unachofanya sasa hivi, si dini ya watu?

Chimbuko lake ni Ubudha, ndiyo. Ila mpango unaotumika hospitalini ulianzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Marekani mwaka 1979, na hauagizi kuabudu kitu. Unaosha vyombo: sikia maji, sikia sufuria mkononi, akili ikikimbilia madeni irudishe bila kujikaripia. Basi.

Mazoezi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au mfano wake. Kulima na kubeba ndoo kunahesabika.

Tangu nianze kutembea najisikia vizuri. Niache vidonge?

Hapana. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mgonjwa huendelea nazo kwa miezi hata baada ya kupona. Kila mara napokea mtu aliyeziacha ghafla kwa sababu jirani kamwambia mazoezi yanatosha, na anarudi akiwa hoi kuliko mwanzo. Kuacha tunapanga pamoja, kwa kupunguza.

Mdogo wangu anasema amechoka kuishi. Nimfundishe kupumua?

Hapana. Mpeleke hospitali, leo.

Labda anatishia tu?

Wengi waliojiua walikuwa wamesema kwanza. Leo.

Nikimuuliza waziwazi kama anataka kujiua, si nitamtia wazo?

Humtii. Muulize kwa upole, usikilize, usimhubirie. Usimwache peke yake, na uondoe sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vilivyojaa kabatini. Kisha hospitali.

Tumeamua aende kwenye maombi kwanza.

Ombeni, sikatazi. Ombeni njiani mkija. Ninachokikataa ni hilo "kwanza", maana "kwanza" ya maombi huzaa "kwanza" ya mganga, halafu ya shangazi aliye kijijini, na mimi naletewa mgonjwa baada ya miezi mitatu, kama analetwa.

Si atapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, watu watuseme?

Wengi wenye sonona hutibiwa wakitokea nyumbani na hawaioni Dodoma kabisa. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji kulazwa mtaambiwa. Mje na ndugu mmoja anayejua alivyobadilika, na mbebe dawa zote anazotumia, za kienyeji pia. Sitagomba.