Je, wajua kwa nini joto huvuruga chipu za mwanga?

Ndani ya chipu ya fotoniki, yaani inayosafirisha data kwa mwanga badala ya umeme, kuna pete za silikoni ndogo mno. Pete kadhaa zaweza kupangwa zikaenea kwenye upana wa unywele mmoja. Mwanga ukiingia kwenye pete huzunguka na kujirudia. Mawimbi yake yakikutana kilele kwa kilele, mwanga hujikusanya humo. Yasipolingana, hupita zake. Pete hiyo huitwa risoneta, na kazi yake ni kuchagua rangi moja ya mwanga unaobeba data na kuziacha nyingine.

Lakini silikoni ikipata joto huuchelewesha mwanga zaidi, na rangi inayochaguliwa huhama. Kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, huhama takriban nanomita 0.07. Ni kidogo? Pete inayonasa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, kwa kipimo cha ubora (urefu huo ukigawanywa kwa upana wa ukanda unaonaswa) cha 10,000, ina ukanda wa nanomita 0.155 tu. Ongeza nyuzi 2, na rangi yake imeshaponyoka. Prosesa iliyo jirani hupanda na kushuka makumi ya nyuzi.

Dawa iliyozoeleka ni hita ndogo juu ya pete, inayoiweka daima kwenye joto lile lile. Inafaa, ila inakula umeme saa zote, na mwanga ulipendwa kwa kuwa ungepunguza matumizi hayo hayo.

Kuna ujanja unaonivutia zaidi. Mwanga haukai wote ndani ya silikoni. Sehemu yake hutambaa kwenye ganda linaloizunguka. Baadhi ya polima, na dioksidi ya titani (ndiyo hiyo inayoipa rangi ya ukutani weupe wake), zikipata joto huuachia mwanga upite kwa kasi zaidi. Basi njia ya silikoni hufanywa nyembamba kusudi ili mwanga mwingi umwagikie kwenye ganda la aina hiyo. Ndani unachelewa, nje unawahi, na tofauti inakaribia sifuri. Katika karne ya 18 John Harrison alituliza pendulumu ya saa kwa akili ya namna hiyo, akitumia fito za metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti.

Gharama ipo. Mwanga ulioshikwa kwa ulegevu hauwezi kukata kona kali, kwa hiyo pete hulazimika kuwa kubwa. Polima nazo huchakaa kwa joto na miale. Dioksidi ya titani ni sugu zaidi. Hata hivyo, mizani hiyo husimama sawasawa karibu na rangi moja na joto moja tu. Ukisogea mbali, mhamo mdogo hurejea.