Wanafunzi na kurudisha uoto wa asili: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Masika yakikaribia, shule nyingi za Tanzania na Kenya hupokea miche, bango na mgeni rasmi. Mgeni hupanda mti wa kwanza, wanafunzi hupanda iliyobaki, picha zinapigwa, soda zinanyweka. Pita hapohapo miezi sita baadaye, mara nyingi utakuta vijiti vikavu na mbuzi wa jirani. Lawama huenda kwa watoto, eti hawajali. Mimi naona tatizo huanza kabla hata shimo halijachimbwa, kwenye mambo tunayoyaamini bila kuyahoji.

“Mti ni mti, mradi uote.”

Mwarobaini tumeuzoea hadi tunaudhania wa kwetu, kumbe asili yake ni Bara Hindi. Mkaratusi na mgrivelia vimetoka Australia, mjohoro Asia ya Kusini-Mashariki. Mjohoro wa kivuli karibu na madarasa hauna ubaya wowote. Lakini huwezi kuupanda halafu ukatangaza kwamba umerudisha uoto wa asili. Pwani ya Kenya mwarobaini umeshaingia hadi kwenye misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, kwa sababu ndege hula matunda yake na kudondosha mbegu huko. Baringo ndiko kuna mathenge, mti ulioletwa kupambana na jangwa ukaishia kumeza malisho. Wafugaji walifika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno, wakisema ni kwa sababu ya kula maganda yake matamu.

Hata kusema “huu ni wa Afrika” hakutoshi. Musizi, ambao wengine huuita mhesi, ni mti wa asili kabisa huko Kagera na Uganda. Ulipopelekwa Amani, Usambara Mashariki, enzi za ukoloni, ulivamia msitu na hadi leo unawasumbua wahifadhi. Swali la kuuliza ni kama wazee wa hapahapa waliukuta. Hiyo ni kazi ya nyumbani nzuri kuliko hotuba yoyote ya mgeni rasmi: kila mwanafunzi amuulize bibi au babu yake miti iliyokuwepo, majina yake kwa kilugha, na ilikuwa ikiota wapi.

“Watoto wapewe kupanda tu, utaalamu waachiwe wakubwa.”

Kupanda ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi iko kwenye mbegu, na hapo watoto wana mikono mizuri. Chukua mbegu ya mkongo, mti ambao pwani ya Kenya huitwa mbambakofi: nyeusi, inang'aa, na imevaa kofia nyekundu. Ukiifukia hivihivi itakaa tu, maana ganda lake ni gumu mno. Unatoa kofia, unaisugua kwenye sakafu ya saruji kwa upande ulio mbali na pale kofia ilipokuwa, hadi weusi utoboke kidogo na rangi hafifu ya ndani ionekane. Kisha unailoweka usiku kucha. Asubuhi, iliyovimba inakwenda kwenye kiriba, yaani kifuko cha kukuzia mche, na isiyovimba inarudi sakafuni. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja ataendelea na kazi hiyo wakati mtu mzima ameshachoka na kutafuta kiti.

“Mikoko hukubali popote penye matope na maji ya chumvi.”

Dhana hii imeua miche mingi. Ufukweni kila aina ina makazi yake. Mlilana hukaa mbele kabisa, upande wa bahari. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, hupenda matope ya katikati, na mkandaa huwa nyuma yake. Mchu hupatikana mbele na pia nyuma kabisa, kwenye chumvi kali, ambako maji hufika kwa bamvua tu, yaani maji yanapojaa sana. Siku za shule hupandwa mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na ni rahisi kuchomeka. Ikichomekwa kwenye mchanga ulio wazi, mawimbi yanaing'oa. Ikichomekwa juu ya nyasi bahari, mmeharibu makazi mengine ya samaki ili kujenga yasiyosimama.

Wanafunzi wafundishwe kutambua mbegu iliyokomaa: inakuwa na shingo ya manjano pale inapokutana na tunda. Wafundishwe kusoma maji pia. Siku ya kupanda ipangwe na kupwa na kujaa, halafu ndipo mgeni rasmi aulizwe kama ana nafasi.

Kuna mahali ambapo kupanda si jawabu la kwanza. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika mkono wa bahari wa Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi na mikoko ikafa. Penye hali kama hiyo, au penye njia ya maji iliyoziba, rekebisha kwanza mtiririko. Mara nyingi mbegu huja zenyewe na maji.

“Mradi wa miti unakula muda wa masomo.”

Kupima urefu wa miche kila mwezi na kutafuta asilimia ya iliyopona ni hisabati tosha. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ukaa tangu 2013, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, na sehemu ya fedha imenunua vitabu vya shule na kuleta maji kijijini. Kinachoharibu ni desturi yetu ya kumpa mchelewaji adhabu ya kumwagilia miti. Ukishaufanya mti kuwa fimbo, usishangae ukikauka likizoni.

Tena likizo yenyewe ipangiwe. Ya Desemba huangukia mwisho wa vuli, na mche wa Oktoba bado ni mchanga. Zamu zigawiwe wanaoishi jirani na shule, kwa majina, kabla ya kufunga.

“Tumepanda miche elfu moja.”

Sawa. Mingapi iko hai baada ya masika mawili? Hiyo ndiyo namba ya kuandika ubaoni.

“Bila miche hakuna kazi.”

Nenda Dodoma, ambako mbinu ya kisiki hai imeenea. Ardhi inayoonekana tupu huwa na visiki vyenye mizizi mizima, vinavyochipua kila mvua na kuliwa kila kiangazi. Wanafunzi huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogolea mengine, kisha hufunga kitambaa ili mchunga mifugo na mkata kuni wajue kisiki hicho kina mwenyewe. Mti huo una mizizi mirefu tayari, hivyo hauhitaji ndoo ya maji kama mche wa kiriba, na ni aina iliyokuwa ikiota papo hapo. Gharama yake ni panga kali, mwalimu anayejua wapi pa kukata, na makubaliano na wafugaji.