Zaburi ya Katikati Haibadilishwi kwa Wimbo Wowote

Kwa mara nyingine tena nimeulizwa na mwalimu wa kwaya, mtu makini na mwenye sikio zuri, kama ninao wimbo mfupi na mtulivu wa kuweka katikati, yaani baada ya somo la kwanza la Misa, kwa sababu zaburi ya Dominika ijayo hakuipata kwa nota. Nilipomweleza kwamba zaburi haibadilishwi kwa namna hiyo, alinipa jibu ambalo nimelichoka: mradi maneno yametoka katika Biblia, au yanafanana na ya Biblia, hakuna kilichoharibika. Jibu hilo nimelisikia kwa watunzi, kwa wapiga kinanda, na hata kwa viongozi wa liturujia ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kulikataa.

Upande wa sheria ni mfupi. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, yaani kanuni rasmi za kuadhimisha Misa, namba 57, yanakataza kuweka maandishi yasiyo ya Biblia mahali pa zaburi inayofuata somo la kwanza, na namba 61 inaongeza kwamba ikiwa zaburi haiwezi kuimbwa, isomwe kwa namna itakayowasaidia watu kutafakari neno la Mungu. Mwalimu asiye na nota ana njia halali mbele yake: zaburi isomwe vizuri, taratibu, na waamini waitikie. Zaburi iliyosomwa vizuri ni bora kuliko wimbo mzuri ulioingia mahali pasipo pake, na hili nalisema nikiwa mtunzi ninayependa kusikia kazi zangu zikiimbwa.

Kosa lenyewe linaanzia mbali zaidi, katika kudhani kwamba nyimbo zote za Misa zinafanya kazi moja. Namba 37 ya maelekezo hayo hayo inazigawa katika makundi mawili. Wimbo wa mwanzo, wa matoleo na wa komunyo unasindikiza tendo linaloendelea, nalo tendo likiisha, wimbo nao unapaswa kufikia mwisho wake. Utukufu, zaburi, shangilio la kabla ya Injili na Mtakatifu ni tendo lenyewe, kwa maana kwamba wakati huo hakuna jambo lingine linalofanyika isipokuwa kuimba huko. Anayeitendea zaburi kana kwamba inasindikiza kitu ataishia kuiona kama kipindi cha kumsubiri msomaji wa pili apande mimbarini, na akishaiona hivyo, wimbo wowote utamfaa.

Chukua Dominika ya 4 ya Kwaresima, Mwaka A wa mzunguko wa masomo. Somo la kwanza, kutoka 1 Samweli 16, linaeleza jinsi Samweli alivyompaka mafuta Daudi, kijana aliyeitwa kutoka machungani. Zaburi inayofuata ni ya 23, na ndani yake mna maneno haya: umenipaka mafuta kichwani pangu. Mchungaji aliyepakwa mafuta katika somo anageuka kuwa kondoo anayechungwa na kupakwa mafuta katika zaburi, na waamini wanapoitikia wanajiweka mahali pa Daudi. Sasa aje mwalimu aseme kwamba huu ni wakati wa Kwaresima, na kwa hiyo kwaya iimbe wimbo wa toba. Wimbo huo unaweza kuwa mtakatifu kabisa na wenye sauti nne zilizopangwa kwa ustadi, lakini umekata uzi ambao Kanisa limeufuma kwa makusudi kati ya somo na jibu lake. Katika Mkesha wa Pasaka jambo hili liko wazi kupita kiasi: somo la Kutoka linamalizika kwa kutangaza kwamba Musa na wana wa Israeli walimwimbia Bwana wimbo huu, na kinachofuata ni wimbo wenyewe wa Kutoka 15. Sijui mtu anaweza kuweka nini kingine hapo bila kulifanya somo liseme uongo.

Mtakatifu Augustino ametuachia tukio linaloonyesha uzito huu. Katika mahubiri yake juu ya zaburi tunayoihesabu leo kuwa ya 139, anaeleza kwamba alikuwa ameagiza iimbwe zaburi fupi, lakini msomaji, kwa kuchanganyikiwa, akaimba nyingine. Askofu huyo hakuendelea na aliyojiandalia kana kwamba hakuna aliyesikia. Aliihubiri zaburi iliyoimbwa, kwa kuwa hilo ndilo neno lililokuwa limetangazwa mbele ya watu.

Wengi wanaikimbia zaburi kwa sababu ni ngumu kuitunga kwa mtindo waliouzoea, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mtindo huo ni wa beti: unatunga sauti ya shairi la kwanza, kisha mashairi mengine yanaingizwa humo humo. Mistari ya zaburi haiko hivyo. “Bwana ndiye mchungaji wangu” ina mizani, yaani silabi, 10, ilhali “Katika malisho ya majani mabichi hunilaza” ina 17. Mtunzi wa beti atayakata maneno, au atayabana mizani 17 katika nota 10 hadi yasisikike, na bado hajafika kwenye tatizo lililo baya zaidi, yaani mkazo. Ikiwa sauti yake ilianza kwa pigo zito lililoikaa vizuri silabi ya kwanza ya “Bwana”, pigo hilo hilo litaangukia silabi ya kwanza ya “katika”, na kwaya itaimba KAtika wakati kila mzungumzaji wa Kiswahili husema kaTIka. Makosa ya namna hii nimeyaona katika nakala zilizopita mikononi mwa walimu wengi bila hata mmoja kuyarekebisha, na yananiudhi kuliko nota iliyokosewa, kwa sababu nota iliyokosewa husikika na kusahihishwa, lakini neno lililopindwa mkazo linazoeleka.

Dawa yake ni ya zamani sana: toni ya zaburi, yaani nota moja ya kusomea, na nota chache za kufungia kila nusu ya mstari. Kiswahili kimetubariki hapa, kwa kuwa mkazo wetu karibu wakati wote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hivyo karibu kila nusu mstari hufungwa kwa mdundo ule ule, silabi nzito ikifuatiwa na nyepesi. Tuseme, kwa herufi za sol-fa (d, r, m, f, s, l, t), nota ya kusomea ni s. Nusu ya kwanza inasomwa yote juu ya s, kisha silabi yenye mkazo inapanda hadi l, na ya mwisho inarudi s: “Bwana ndiye mchungaji” juu ya s, “wa-” juu ya l, “-ngu” juu ya s. Nusu ya pili, “sitapungukiwa na kitu”, inakaa juu ya s hadi “sitapungukiwa”, halafu “na” inashuka m, “ki-” inakuwa r, na “-tu” inatua d. Jaribu sasa mstari wa mizani 17 kwa toni hiyo hiyo: kila kitu kinabaki juu ya s mpaka “huni-”, kisha “-la-” inapanda na “-za” inarudi. Hakuna neno lililokatwa, hakuna mkazo uliopotoka. Mwimbaji wa zaburi asiyejua kusoma nota anaweza kufundishwa toni hii kwa kusikiliza tu, mradi afundishwe pia kwamba nota ya kusomea si mfululizo wa nota za urefu sawa kama pigo la saa. Inafuata mwendo wa usemi, na katikati ya mstari anavuta pumzi ya kweli.

Kiitikio kinahitaji nidhamu ya aina nyingine. Waamini wanakisikia mara moja kutoka kwa mwimbaji, kisha wanatakiwa kukirudia, nao wameketi, kwa hiyo pumzi yao ni fupi kuliko wakiwa wamesimama. Mtunzi anayewapa mruko wa nota saba na kuwafikisha f ya juu amewanyamazisha tangu mara ya kwanza. Mimi huweka kiitikio kati ya d na l, mara chache nikivuka hapo, na wakati wa kukitoa kwa mara ya kwanza sipendi sauti nne kabisa. Watu washike sauti moja, kinanda kikiwaunga mkono kwa upole. Tenor na besi wataingia baadaye, baada ya shairi la pili au la tatu, wakati kusanyiko limeshajua linapokwenda. Wapo wapangaji wanaompa soprano nakshi juu ya kiitikio tangu mwanzo, na matokeo yake waamini wanaiga nakshi badala ya wimbo.

Mpiga kinanda naye asubiri. Baada ya somo la kwanza inafaa pawe na kimya kifupi, na utangulizi unaoanza kabla msomaji hajaondoka mimbarini unakifuta kimya hicho.

Kwa kwaya ambayo kweli haiwezi kujifunza zaburi mpya kila wiki, namba 61 inaruhusu zaburi na viitikio vya pamoja vilivyochaguliwa kwa vipindi vya mwaka, na Kitabu cha Masomo kimevipanga: Zaburi ya 25 au 85 kwa Majilio, ya 51, 91 au 130 kwa Kwaresima, ya 118 au 66 kwa Pasaka, na kadhaa kwa kipindi cha kawaida, zikiwemo ya 34, 95, 103 na 145. Kwaya ndogo ikizijua zaburi nane hivi kwa uhakika, haina sababu ya kutafuta wimbo wa kuazima.

Nakiri kwamba ruhusa hiyo inanisumbua kidogo, kwa kuwa zaburi ya kipindi, ikiimbwa wiki nne mfululizo, mara nyingi haijibu somo la siku kwa ukaribu ule wa 1 Samweli na Zaburi ya 23. Vilevile toni, hata iwe nzuri namna gani, inachosha ikiongozwa na mwimbaji asiyeelewa anachokisoma, na katika hali hiyo sina hakika kama si afadhali zaburi isomwe na kiitikio peke yake kiimbwe. Viitikio vingine navyo ni virefu mno kwa kushikwa mara moja. Watunzi wengine huvifupisha, lakini mimi huyaacha maneno yote na kuweka sehemu kubwa ya kiitikio juu ya nota moja, ingawa najua kwamba kwa kufanya hivyo ninapoteza wimbo ambao watu wangeondoka nao nyumbani.